Kibali Kiwe cha Mwalimu, Si cha Mwajiri: Barua ya Wazi kwa Wanaoajiri Walimu wa Lugha kutoka Nje

KWA: Wenye dhamana ya uhamiaji, ajira za wageni na elimu katika nchi zinazoajiri walimu wa lugha za kigeni

YAH: VIBALI VYA KAZI VYA WALIMU WA LUGHA

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa lugha. Nimefundisha nje ya nchi yangu kwa miaka kadhaa, chini ya serikali mbili tofauti, na nakiri kwamba katika miaka hiyo benchi la ofisi ya uhamiaji nimelizoea kuliko kiti cha maktaba. Siandiki kuomba upendeleo, wala kulalamikia sheria kwa sababu tu ni sheria. Kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie, afanye kazi gani na akae muda gani, na mgeni mwenye adabu hubisha hodi. Ninachoomba ni jambo moja, nalo nitalieleza kwa urefu kwa kuwa nimeliona mara nyingi likielezwa kwa ufupi na kuwekwa kando: kibali cha kazi cha mwalimu wa lugha kisiwe mali ya shule inayomwajiri. Mengine nitakayoyagusa, yaani nyaraka, kalenda na pasipoti, yanatusumbua pia, lakini mzizi wa matatizo yetu ni huo.

Uhitaji wa walimu upo, na ninyi wenyewe ndio mnaoutangaza. Mwaka 2024 UNESCO ilikadiria kwamba kufikia mwaka 2030 dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 wa shule za msingi na sekondari. Kwa lugha za kigeni pengo hilo lina sura ya pekee, kwa sababu mwalimu wa lugha hutafutwa nje kwa makusudi, hata pale ambapo wazawa wanaoliweza somo hilo wapo. Japani ilianzisha mpango wake wa kuwaingiza vijana wa kigeni katika shule za umma mwaka 1987, na mpango huo ungali hai. Jimbo la Louisiana nchini Marekani liliunda baraza la kukuza Kifaransa mwaka 1968, na tangu miaka ya 1970 limekuwa likiwaita walimu kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Kanada. Katika mwaka wa masomo wa 2023 hadi 2024, serikali ya Uingereza iliahidi pauni 10,000 kwa mwalimu wa lugha au wa fizikia ambaye angekubali kuhama kutoka nje na kufundisha katika shule za England. Fedha hizo zilikusudiwa kumsaidia kulipia viza, ada ya huduma za afya inayotozwa wahamiaji, ambayo tangu tarehe 6 Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka, na gharama nyingine za kuhama. Kwa maneno mengine, serikali ilitoa kwa mkono mmoja na sehemu yake ikaipokea kwa mkono wa pili. Sisemi hayo kwa kejeli. Nasema ili isije ikadaiwa kwamba sisi ndio tunaojipenyeza mahali tusipotakiwa.

Sasa niende kwenye kiini cha barua hii.

Katika nchi nyingi kibali cha mwalimu wa lugha hufungwa kwa mwajiri ambaye jina lake limeandikwa ndani yake. Korea Kusini ina viza ya daraja la E-2, iliyotengwa kwa ajili ya wafundishaji wa lugha za kigeni. Mwenye viza hiyo hufundisha katika taasisi iliyomdhamini, na akitaka kuhamia nyingine kabla mkataba haujaisha hutakiwa kuwa na barua ya kuachiliwa kutoka kwa mwajiri anayemwacha. Nchini China mwalimu anayehama huhitaji barua ya aina hiyohiyo pamoja na uthibitisho kwamba kibali chake cha zamani kimefutwa, na vyote viwili hupitia mikononi mwa mwajiri anayeachwa. Nchini Thailand ruhusa ya kukaa hukoma pamoja na ajira iliyoizaa, na wakati wote wa ajira hiyo mgeni hutakiwa kuripoti anuani yake uhamiaji kila baada ya siku 90.

Yasomeni tena maneno hayo: barua ya kuachiliwa. Anayeachiliwa ni mtu aliyeshikwa. Mhasibu mzawa akichoshwa na mkubwa wake huandika barua ya kuacha kazi. Mwalimu wa kigeni huandika barua ya kuomba aachwe, kisha husubiri kuona kama mkubwa huyo ameamka vizuri.

Niliwahi kufundisha katika shule moja binafsi ya lugha, ambayo sitaitaja. Mshahara wa mwezi wa nne ulichelewa wiki tatu, na wa mwezi wa tano ukaja nusu. Mkataba ulisema vipindi 25 kwa wiki. Nilikuwa nafundisha 34, na vile 9 vya ziada viliitwa mchango wangu kwa familia ya shule. Nilipokwenda kuuliza, mkurugenzi hakupandisha sauti. Alifungua droo, akatoa nakala ya kibali changu, akailaza juu ya meza katikati yetu, kisha akaendelea kusoma ujumbe kwenye simu yake. Hakusema neno lolote, na hakuhitaji kusema. Nilirudi darasani. Somo la siku hiyo lilikuwa sentensi za masharti, na mwanafunzi mmoja aliniambia baadaye kwamba hajawahi kupata mifano iliyo hai kiasi kile.

Mambo ya namna hii hayatokei kwa sababu wenye shule ni watu wabaya kuliko waajiri wengine. Hutokea kwa sababu kanuni imeweka mkononi mwao kitu ambacho hakuna mwajiri wa mzawa aliye nacho, yaani uwezo wa kumfanya mfanyakazi apoteze, kwa sahihi moja, kazi, haki ya kuwa nchini na mara nyingi nyumba anayolala, kwa kuwa makazi nayo huwa sehemu ya mkataba. Tazameni mfano unaojulikana sana miongoni mwa walimu waliopita Korea Kusini. Sheria ya huko inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kazini kiinua mgongo kinacholingana na mshahara wa takriban mwezi mmoja. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini mikataba ya walimu wa lugha kwa kawaida ni ya miezi kumi na miwili, na malalamiko yaliyozoeleka miongoni mwao ni ya mtu kuachishwa kazi katika mwezi wa kumi na moja, mara nyingi kwa sababu iliyotungwa wiki ileile. Anaweza kwenda kulalamika ofisi ya kazi, ndiyo. Ila shauri huchukua miezi, naye ana wiki chache za kuwepo nchini kihalali. Haki anayopaswa kuidai kwa miezi sita haimfai kitu mtu ambaye saa yake ya uhamiaji imeanza kuhesabu leo.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wa uhamiaji, na si wakaguzi wa kazi peke yao. Nchi nyingi zina sheria za kazi zenye kila kitu: likizo, saa za ziada, kiinua mgongo, mashauri. Kanuni ya kibali ndiyo inayozizima, bila hata kuzitaja. Na hasara haiishii kwetu. Mwalimu mzawa wa shule hiyohiyo naye anajua kwamba akidai malipo ya vipindi vya ziada, yupo mgeni jirani yake ambaye hawezi kudai, na mwajiri anajua kwamba anajua. Shule inayolipa vizuri na kwa wakati hushindwa kumpata mwalimu hodari kwa sababu ameshikiliwa na shule isiyolipa. Wanafunzi nao hubadilishiwa mwalimu katikati ya mwaka, kwa kuwa mtu asiyeweza kuhama kwa barua huishia kutoroka usiku, akaacha madaftari yasiyosahihishwa. Wenye shule huyaita matukio hayo utovu wa nidhamu wa wageni. Wangejiuliza kwa nini mlango wa mbele ulifungwa.

Nalijua jibu ambalo maofisa wenu hulitoa, kwa kuwa nimelipata dirishani zaidi ya mara moja: serikali lazima ijue mgeni anafanya kazi wapi, na shule iliyogharamia tiketi na nyaraka lazima ilindwe. Hoja ya kwanza ina uzito, na ina dawa ambayo tayari inatumika. Nchini Japani hadhi ya ukaazi hutolewa kwa aina ya kazi, si kwa jina la mwajiri. Mwalimu wa shule binafsi ya lugha anayeacha kazi hutakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 14, na anapoanza kazi mpya huarifu tena ndani ya muda huohuo. Akikaa miezi mitatu bila kufanya kazi aliyoruhusiwa, na bila sababu ya msingi, hadhi yake inaweza kufutwa. Serikali inajua alipo, na hakuna mtu aliyemwomba mwajiri wa zamani ruhusa. Utaratibu huo hauna ukamilifu wote, kwa kuwa shule za kawaida ziko chini ya hadhi moja na shule binafsi za lugha chini ya nyingine, na kuvuka kutoka huku kwenda kule kunahitaji maombi mapya. Lakini ulipojaribiwa manufaa yake yalionekana. Mnamo Oktoba 2007 kampuni kubwa kuliko zote za shule za lugha nchini humo ilianguka, baada ya miezi ya mishahara iliyochelewa, na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki bila malipo, baadhi yao wakitakiwa kuhama nyumba ambazo kodi yake ilikuwa imekatwa kwenye mishahara bila kumfikia mwenye nyumba. Yalikuwa maumivu makubwa. Hata hivyo kampuni haikuanguka na vibali vyao. Mwalimu aliyekuwa na miaka miwili iliyobaki katika hadhi yake alibaki nayo, akaenda kutafuta darasa lingine. Fikirini tukio hilohilo katika nchi ambayo kila mmoja wao angehitaji barua ya kuachiliwa kutoka ofisi ambayo milango yake imefungwa na simu haipokelewi.

Hoja ya pili, ya tiketi na gharama, ni deni la kawaida kati ya pande mbili za mkataba. Kifungu kimoja kinatosha kusema kwamba mwalimu akiondoka kabla ya miezi sita atarudisha sehemu fulani ya gharama halisi, na mahakama za madai zipo kwa kazi hiyo. Sioni kwa nini idara ya uhamiaji ikubali kuwa mkusanya madeni wa shule binafsi, tena bila kuona risiti.

Kwamba jambo hili linawezekana si ndoto yangu. Tangu tarehe 1 Julai 2024, mfanyakazi mwenye viza ya kudhaminiwa na mwajiri nchini Australia akiacha kazi anapewa hadi siku 180 kwa mfululizo kutafuta mdhamini mwingine, mahali ambapo awali alikuwa na siku 60, na katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kupata ridhaa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine, na Saudi Arabia ililegeza sharti kama hilo kuanzia Machi 2021 kwa wafanyakazi wengi wa sekta binafsi. Hizo ni nchi za mfumo wa kafala, yaani wa mgeni kudhaminiwa na mwajiri wake, ambao kwa miongo ulitajwa kila mahali kama mfano wa kumfunga mfanyakazi. Utekelezaji wake una kasoro, na wanaofanya kazi huko watawaeleza vizuri kuliko mimi. Lakini ikiwa huko kanuni imeanza kulegea, nchi ambayo imekuwa ikijiona mbele kidogo haina kisingizio cha kung'ang'ania barua ya kuachiliwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, ambalo mkilitimiza hilo peke yake mtakuwa mmenilipa karatasi niliyotumia, ni hili. Kibali kiandikwe kwa fani na kwa muda: huyu ni mwalimu wa lugha fulani, ameruhusiwa kufundisha katika taasisi yoyote iliyosajiliwa, hadi tarehe fulani. Akihama, aarifu yeye mwenyewe. Akiachishwa au shule ikifungwa, apewe angalau miezi mitatu ya kutafuta kazi nyingine, na muda huo usiweze kufupishwa kwa barua ya mwajiri. Na akiwa na shauri la mishahara ofisi ya kazi au mahakamani, aruhusiwe kubaki mpaka lisikilizwe.

Niguse nyaraka, kwa kuwa ndizo zinazomchosha mwalimu kabla hata hajapanda ndege. Kwa kawaida huombwa shahada, matokeo ya masomo, cheti cha mafunzo ya ualimu, cheti cha polisi kinachothibitisha kwamba hana rekodi ya uhalifu, cheti cha afya, barua za waajiri waliotangulia, na kila kimoja kipigwe mhuri wa kukithibitisha. Kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Apostili, uliotiwa saini The Hague tarehe 5 Oktoba 1961 na ambao sasa una wanachama zaidi ya 120, mhuri mmoja unatosha. China ilianza kuutumia mkataba huo tarehe 7 Novemba 2023, na siku hiyo maelfu ya walimu walipunguziwa safari ya ubalozini. Anayetoka katika nchi isiyo mwanachama hubaki na mnyororo wa zamani: wakili, wizara ya elimu, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi anayokwenda, ambao pengine haupo nchini kwake na inabidi karatasi zisafirishwe hadi mji mkuu wa nchi jirani. Kila kituo kina ada, kila kituo kina foleni, na katika kila kituo yupo mtu wa kukwambia uje kesho.

Shida yenyewe lakini si wingi wa karatasi. Ni kwamba zina muda wa kuishi, na muda huo haukupangwa na mtu aliyewahi kuzitafuta. Mara nyingi cheti cha polisi hakitakiwi kuzidi miezi sita tangu kilipotolewa. Nilipokuwa naomba kibali changu cha pili, nilipata cheti hicho mwezi wa kwanza. Uhakiki wa shahada ukakamilika mwezi wa saba. Cheti kikawa kimekufa. Nikaanza upya. Kilichonishangaza ni kwamba mojawapo ya vyeti vilivyokataliwa kwa uzee kilitoka katika nchi ambayo nilikuwa nimekwisha kuondoka, na sikuwa nimerudi hata siku moja. Kilithibitisha kwamba hadi siku niliyotoka sikuwa nimetenda kosa lolote huko. Uthibitisho wa namna hiyo unazeekaje? Ningetenda kosa gani katika nchi ambayo simo? Ofisa niliyemuuliza alicheka kwa wema, akakubali kwamba nina hoja, akanirudishia faili. Naomba cheti cha polisi cha nchi ambayo mwombaji ameiacha kihesabiwe kuwa hai daima, mradi kilitolewa baada ya yeye kuondoka na mihuri ya pasipoti inaonyesha kwamba hakurudi. Kuhusu shahada, Mkataba wa Kimataifa wa UNESCO wa kutambua sifa za elimu ya juu, uliopitishwa mwaka 2019, ulianza kufanya kazi Machi 2023. Nchi zilizouridhia hazina sababu ya kumtaka mwalimu ahakikiwe shahada ileile kila anapobadilisha shule.

Kalenda nayo ni kama iliandikwa na watu wasio na watoto shuleni. Nchini Marekani viza ya H-1B, ya kuajiri wataalamu wa kigeni, iliyo ndani ya ukomo wa mwaka, yaani ile nafasi 65,000 na nyongeza ya 20,000 kwa wenye shahada za juu za nchi hiyo, hugombewa kwa bahati nasibu inayosajiliwa mwezi Machi, na anayebahatika huruhusiwa kuanza kazi tarehe 1 Oktoba. Shule hufunguliwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Mkuu wa shule anayetaka mwalimu wa Kihispania au Kichina kwa njia hiyo hulazimika kuwaweka wanafunzi wiki kadhaa na mtu wa kushikilia darasa, na hapo ni ikiwa bahati imewaangukia. Vyuo vikuu havimo katika ukomo huo; shule za kawaida, kwa sehemu kubwa, zimo. Tangazo la rais la Septemba 2025 lililoweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo limeifanya njia yenyewe kuwa ya nadharia kwa shule ya umma ya mji mdogo. Inabaki viza ya J-1 ya walimu, ya mpango wa ubadilishanaji, ya miaka mitatu na nyongeza isiyozidi miwili, ambayo ikiisha mwalimu hulazimika kuishi nje ya nchi miaka miwili kabla ya kuweza kurudi kwa mpango uleule. Mwaka wa tano ndio mwaka ambao mwalimu wa lugha amekwisha kuwajua wazazi, ameziba mapengo ya mtaala, na wanafunzi aliowapokea hawajui hata salamu sasa wanabishana naye kwa lugha hiyo. Ndipo anapofungasha.

Kuhusu pasipoti nitasema machache, kwa sababu hoja ni fupi. Viza ya E-2 ya Korea Kusini kwa walimu wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini, ukiacha mlango mdogo uliofunguliwa kwa India kupitia mkataba wa biashara. Raia wa Singapore aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu hayumo. Mwalimu kutoka Ghana au Jamaika mwenye shahada ya uzamili ya kufundisha Kiingereza hayumo. Kijana wa miaka 22 mwenye shahada ya jambo lolote lile, ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa, yumo, mradi pasipoti yake ni mojawapo ya hizo saba. Simlaumu kijana huyo. Wengi wao nimefanya nao kazi na baadhi wamekuwa walimu wazuri sana. Nauliza tu pasipoti inapima nini. Kuizungumza lugha tangu utotoni si kujua kuieleza, na mtu aliyejifunza lugha ukubwani hukumbuka vizuri mahali ilipomkwaza. Isitoshe kuna lugha ambazo kigezo hicho hakizishiki kabisa. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, lakini wengi wa wanaokizungumza Kiswahili walikipata kama lugha ya pili, na ni raia wa nchi kadhaa. Ofisa anayetafuta pasipoti ya Kiswahili ataipata wapi? Kipimo cha lugha kipo, kipimo cha ualimu kipo, na vyote viwili vinaweza kusahihishwa kwa alama.

Katika suala la afya, nawakumbusha kwamba kanuni hubadilika pale mwalimu mmoja anapokataa kunyamaza. Kuanzia mwaka 2007 Korea Kusini iliwataka walimu wa lugha wa kigeni kupimwa virusi vya UKIMWI, sharti ambalo halikuwahusu walimu wenzao wa Kikorea. Mwalimu mmoja kutoka New Zealand alikataa kupimwa upya ili mkataba wake uongezwe, akapoteza kazi, na shauri lake likafika kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi. Mwaka 2015 kamati hiyo ilisema kwamba haki zake zilikiukwa. Mwaka 2017 serikali ilifuta sharti hilo kwa viza ya E-2. Ilichukua miaka kumi. Nisingependa suala la barua ya kuachiliwa lichukue muda kama huo.

Lazima niseme pia kwamba upande wetu hauna mikono misafi kabisa. Wapo waliofundisha kwa viza za utalii, wakivuka mpaka na kurudi kila baada ya miezi michache ili wagongewe mhuri mpya. Wapo waliokamatwa na shahada za kununua. Wapo waliopokea tiketi, wakala mshahara wa kwanza na kupotea. Sitawatetea. Ila nimeishi na baadhi ya wale wa kundi la kwanza, na karibu kila mmoja alikuwa ameanza na kibali halali, chini ya mwajiri aliyemtesa, akanyimwa barua, akaamua kwamba kuishi bila kibali kuna usalama kuliko kuishi na kibali kilicho ndani ya droo ya mtu mwingine. Mkiwahesabu wahalifu wa kanuni zenu, tafadhali wahesabuni hao mahali walipoanzia.

Kuna jambo dogo ambalo nililigundua nikiandaa barua hii. Mkataba wa Apostili, unaoshughulika na mihuri ya nyaraka, una tarehe ya 5 Oktoba 1961. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO kuhusu Hadhi ya Walimu lilipitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, na ndiyo sababu Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Pendekezo hilo linazihimiza serikali kuthamini ubadilishanaji wa walimu baina ya nchi na kuupanua. Karatasi na mwalimu vina siku moja ya kuzaliwa, na hadi sasa karatasi imehudumiwa vizuri zaidi.

Kanuni za vibali hupitiwa mara kwa mara, na sehemu nyingi kazi hiyo hufanywa kabla ya msimu wa mikataba mipya ya shule. Kamati zinazoziandika huwa na watu wa uhamiaji, wa kazi, wa elimu, na wawakilishi wa wenye shule. Mtakapoketi tena, mwiteni na mwalimu mmoja wa kigeni aliyewahi kuomba barua ya kuachiliwa akanyimwa. Hatahitaji kutafutiwa nyaraka, kwa kuwa zote atakuja nazo; amezoea kuzibeba. Mpeni tu taarifa mapema, maana siku hiyo itambidi aombe ruhusa kwa mwajiri.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa lugha, ugenini